Randa ya Mzee Haiuzwi kwa Kilo

Leo tunataka kusema neno juu ya jambo ambalo watu wengi wanatucheka nalo: tunakusanya vifaa vya zamani vya useremala. Randa za mbao, misumeno ya mkono, patasi, tezo, keekee za kuzungusha kwa mkono. Tunavitafuta, tunavisafisha, tunavinoa, halafu tunavitumia. Hakuna aliyetutuma. Hatuna bajeti, hatuna fomu, hatuna fulana zenye nembo.

Vijana wanatuuliza: "Sasa hayo machuma ya wazee mnafanyia nini?" Wafanyakazi wa mashirika wanatuuliza: "Mradi wenu una walengwa wangapi?" Maswali yote mawili tutayajibu. Ila msimamo wetu tunauweka wazi mapema: kifaa kizuri cha zamani kinastahili kuokolewa kabla hakijapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu, na mkimbizi ana haki ya kupenda kitu bila kwanza kuandikiwa mradi.

Vifaa hivi vimetoka wapi

Wengine wanafikiri vitu vya namna hii vinapatikana Ulaya tu. Si kweli. Angalieni historia ya inchi hii tunayoishi. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni ya Mugera, upande wa Gitega, mwaka 1899. Wajerumani wakaweka makao yao Gitega mwaka 1912. Wabelgiji wakafika 1916, wakakaa mpaka uhuru wa 1962. Watu hawa walihitaji milango, madirisha, paa za makanisa, madawati ya shule. Basi wakaleta vifaa kutoka Ulaya, na kwenye misheni wakafundisha vijana useremala. Ng'ambo ya mpaka, kwetu Kongo, ilikuwa vilevile. Wale vijana wakazeeka, wakawarithisha watoto wao, na vifaa vikazunguka kutoka mkono hadi mkono mpaka leo.

Ndio maana ukitembea sokoni Muyinga mjini, pale kwenye vitambaa vilivyotandikwa chini, katikati ya kufuli mbovu na vipande vya baiskeli, siku nyingine unakuta patasi yenye jina la kiwanda cha Ulaya. Ukifika Gitega kupitia barabara ya Karuzi unakuta zaidi, kwa sababu pale mafundi mbao wa zamani walikuwa wengi.

Vingine vimekuja na sisi wenyewe. Kambi ya Gasorwe, hapa Muyinga, ipo tangu 2002, na kati ya wazee waliofika kutoka Kivu wamo mafundi. Mtu anayekimbia hawezi kubeba meza ya kazi. Lakini patasi mbili na kisu cha randa vinaingia ndani ya kitambaa. Tumeona hilo kwa macho yetu: mzee alibeba kile chuma tu cha kukatia, akaacha mwili wa randa nyumbani. Alipofika hapa akatafuta kipande cha mti mgumu, akakichonga, akakitoboa mdomo, akaingiza kisu chake. Randa ikazaliwa mara ya pili. (Wengi wetu tuliizoea kwa jina la Kifaransa, rabo. Ni kitu kilekile.)

Kwa nini cha zamani kinashinda

Hatusemi kila kitu cha zamani ni kizuri. Kuna msumeno wa zamani ulioliwa na kutu mpaka bamba limekuwa kama karatasi; huo hauna dawa. Lakini kuna sababu za kweli, si mapenzi tu.

Tuanze na msumeno. Misumeno mingi ya bei ya chini inayouzwa leo ina meno yaliyokaushwa kwa moto wa umeme. Utayajua kwa rangi: ncha za meno ni nyeusi au za bluu. Meno hayo ni magumu kuliko tupa. Maana yake, siku yakiisha makali huwezi kuyanoa. Unatupa msumeno mzima. Msumeno wa zamani una chuma ambacho tupa ya pembe tatu inakikata. Ukiisha makali unakaa nao chini, unaunoa jino kwa jino, unapanga meno moja kushoto moja kulia, na unarudi kazini. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi mpaka bamba lenyewe liishe.

Njoo kwenye kisu cha randa na patasi. Zamani mafundi wa chuma waliunganisha vyuma viwili: chuma laini kwa nyuma, na bamba jembamba la chuma kigumu mbele, pale penye makali. Ile sehemu laini inakuwa rahisi kusugua juu ya kinoo, na ile ngumu inashika makali. Ukisafisha kisu cha namna hiyo vizuri, unaona mstari mahali vyuma viwili vilipokutana. Mara ya kwanza kuuona mstari ule tulipiga kelele kama watu walioona dhahabu.

Na kuna alama. Sisi tumejifunza kusoma alama kama wengine wanavyojua jezi za timu. Watu wengi hapa wanamjua simba wa Peugeot kwenye magari. Wachache wanajua kama huyo simba alikuwa wa misumeno kabla ya kuwa wa magari. Familia ya Peugeot, kule Ufaransa, walianza kutengeneza bamba za misumeno karne ya 19, na simba akasajiliwa kuwa alama yao mwaka 1858. Inasemekana walimchagua kwa sababu msumeno mzuri unatakiwa uwe na meno magumu kama ya simba, uti wa mgongo unaopinda bila kuvunjika, na mwendo wa kasi. Sasa ukiokota bamba lenye kutu, ukasugua taratibu, ukaona simba anatokea, sema mwenyewe kama hiyo si raha.

Namna ya kukifufua

Kwa yule anayetaka kujaribu, hatufichi siri. Haihitaji pesa nyingi.

Kutu: paka maji ya limao, au lowesha usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa majivu na kitambaa. Osha kwa sabuni, kausha hapohapo juu ya moto mdogo au juani, halafu paka oili. Hata ile oili iliyotolewa kwenye pikipiki inafaa. Usipokausha haraka, kutu inarudi siku hiyohiyo.

Makali: kama huna kinoo, tafuta kipande cha kioo cha dirisha, bandika msasa juu yake. Kioo kimenyooka, ndio siri yake. Kwanza nyoosha mgongo wa kisu mpaka ung'ae karibu na ncha, halafu noa upande wa mteremko. Wengi wanasahau mgongo, wananoa upande mmoja tu, halafu wanalaumu chuma. Usipeleke patasi kwenye mashine ya kunolea ya umeme bila maji. Ukiona chuma kimekuwa cha bluu, ujue moto umekiharibu, hakitashika tena makali mpaka ukate ile sehemu yote.

Mpini: tengeneza mwenyewe. Mti wa mgrevilea unapatikana, na mkaratusi uliokauka vizuri unavumilia. Ukiutumia mbichi utapasuka.

Randa: kisu kitoke kidogo sana, upana wa unywele. Sukuma. Kama maranda yanatoka marefu, membamba, yanajikunja kama nywele za mtoto, umefika. Kama randa inarukaruka, rudi kwenye kioo ukanoe tena.

Kazi hii haina jinsia. Kati yetu, anayenoa misumeno vizuri kuliko wote ni dada mmoja. Ana jicho na ana uvumilivu. Wanaume wawili wanaojiita mafundi wanamletea misumeno yao kimyakimya jioni.

Kukusanya bila kunyonya

Hapa kuna jambo zito, na tunataka tulisema bila kulizungusha. Kukusanya vitu vya zamani ndani ya watu wenye shida kunaweza kugeuka wizi wa adabu. Mzee anauza randa yake kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa sababu mgao wa chakula umepunguzwa, au mjukuu anaumwa, au familia imeitwa kuhamia inchi ya tatu na ndege haibebi vyuma vingi. Mnunuzi wa chuma chakavu anajua hilo. Anafika na mizani, anampa bei ya kilo. Randa iliyolisha familia miaka thelathini inapimwa pamoja na bati bovu.

Sisi tukifanya kama yeye, tofauti yetu ni nini? Kwa hiyo tumejiwekea masharti. La kwanza, hatununui kwa kilo. Tunauliza bei ya kifaa kama kifaa. La pili, mtu aliyeuza kwa shida akirudi anaweza kukinunua tena kwa bei ileile, hata kama sisi tumekisafisha na kukitia mpini mpya. Ndiyo, inauma ukikirudisha. Mara moja tulirudisha keekee ambayo sote tulikuwa tunaipenda. Lakini mwenyewe alikuja kuichukua akitembea kama kijana. La tatu, hatuuzi kwa watalii wala kwa watu wa kupamba ukuta. La nne, kifaa kisichofanya kazi hakikai kwetu. Ama kinoe na kitumike, ama kitoe vipuri vya kufufua kingine.

Sharti hili la mwisho lilitujia Gitega. Pale kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatunza vitu vya zamani vya ufalme na vya maisha ya Warundi. Ni mahali pa maana na tunawashauri muende. Kitu kikifika pale hakipotei. Lakini kilometa chache kutoka mjini kuna Gishora, kwenye ngoma za kifalme. Ngoma za Burundi zinachongwa kwenye gogo la mti wanaouita umuvugangoma, maana yake mti unaoisemesha ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma hiyo ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Angalieni neno hilo: usioshikika. Kilichoandikwa ni uchezaji na ujuzi wake. Gogo linaoza, ngozi inachanika. Kinachobaki ni mtu anayejua, na mtoto anayejifunza kwake. Na sisi ndivyo tunavyozitazama randa zetu. Randa iliyoning'inizwa ukutani inatunza chuma tu. Inayosukumwa inatunza chuma pamoja na ufundi.

Kwa nini kwetu lazima iwe mradi?

Sasa tunageukia wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima. Mnatusaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini kila tunapofanya kitu kwa kupenda, swali linakuwa: kinaingiza kipato gani? Kijana wa kwenu akikusanya stempu au akitengeneza baiskeli ya zamani Jumamosi, hakuna anayemdai ripoti. Kijana wa kambini akifanya hivyo anaambiwa aandike mpango wa biashara.

Tuwape mfano. Uingereza kuna shirika linaitwa Tools for Self Reliance, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wanakusanya vifaa vya mkono vya zamani, wanavisafisha, wanavinoa, na vinapelekwa kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwa moja ya inchi hizo. Hebu fikirini: yule mzee wa Uingereza anayesugua kutu kwenye kibanda chake anafanya jambo anavyopenda. Anakunywa chai, anapiga soga na wenzake, na mwisho wake fundi wa mbali anapata patasi. Raha yake haikuzuia faida. Tena raha ndiyo iliyomrudisha kibandani wiki baada ya wiki. Kama angelazimishwa kuhesabu walengwa kila Jumamosi, pengine angeacha.

Nasi ni hivyohivyo. Kutokana na mchezo huu yametoka madawati mawili ya darasa la watoto, milango, viti vya wazee, na gongo la mama mmoja aliyevunjika mguu. Hatukupanga. Vilitokea kwa sababu vifaa vilikuwepo, vina makali, na sisi tulikuwa tunatafuta sababu ya kuvitumia. Na siku ambazo hakuna kilichotengenezwa, kijana alikaa masaa matatu akinoa, kichwa chake kikapumzika. Wanaoishi kambini wanajua thamani ya masaa matatu ya kutowaza.

Mtasema: maendeleo ni mashine za umeme. Hatuna ugomvi na mashine. Fundi anayetakiwa kutoa milango hamsini kwa mwezi anahitaji mashine, hiyo ni hesabu ya wazi. Lakini hapa vijijini nyumba nyingi hazina umeme, na miaka hii mafuta ya jenereta yamekuwa ya kupanga foleni hata mijini. Mashine isiyo na moto ni sanduku zito. Msumeno wa mkono unafanya kazi na mtu aliyekula ugali. Na hata mwenye mashine, kama hajui kunyoosha ubao kwa mkono, mashine itamharibia mbao haraka zaidi.

Tunachoomba

Tumeona mafunzo ya useremala ambapo kila mhitimu alipewa sanduku la vifaa vipya. Picha zikapigwa. Shirika lenyewe hatulitaji, halipo peke yake. Ndani ya sanduku kulikuwa na msumeno wa meno meusi yasiyonoleka, patasi laini, na randa ambayo kisu chake hakijawahi kuona kinoo. Kinoo hakikuwemo. Tupa haikuwemo. Baada ya miezi michache makali yakaisha, na masanduku mengi yakaishia sokoni. Halafu tukasikia vijana hawatunzi vitu. Unatunzaje kitu usichopewa cha kukitunzia?

Kwa hiyo tunaomba haya. Kila sanduku liwe na kinoo na tupa ya pembe tatu, hata kama itabidi vitu vingine viwili vipunguzwe. Msumeno uwe wa meno yanayonoleka. Siku za kwanza za mafunzo ziwe za kunoa tu, mpaka kila mwanafunzi aweze kukata karatasi kwa patasi yake. Mafundi wazee walio kambini waitwe kufundisha na walipwe kama walimu. Wengine wamekaa miaka mingi hawajaulizwa walikuwa wanafanya kazi gani kwao. Kabla familia haijaondoka kwenda inchi ya tatu, iulizwe kama ina vifaa inataka kuwaachia vijana, kabla mwenye mizani hajafika. Na vijana wanaotaka kwenda kuona mafundi wa Gitega wasaidiwe kupata ruhusa ya kutoka kambini bila kuzungushwa wiki nzima.

Na jambo moja ambalo halina gharama: mkituona tunanoa, karibuni mkae mnoe na sisi. Msianze na daftari.

Kwa vijana wenzetu

Usianze na vifaa ishirini. Anza na kimoja. Sisi tunashauri patasi, kwa sababu ni rahisi kupata na itakufundisha kunoa. Ukishajua kunoa patasi, kisu cha randa si kigeni kwako. Msumeno uje mwisho, maana unataka jicho.

Kabla ya kununua, angalia mambo matatu. Je, kutu imekula juu tu au imechimba mashimo karibu na makali? Je, chuma kimebaki kirefu cha kutosha kunoa miaka mingine? Je, kuna alama ya kiwanda unayoweza kuisoma? Ukipata majibu mazuri, patana kwa adabu, lipa bei ya kifaa.

Halafu mtafute mzee. Usimwendee na maswali ya utafiti. Mpelekee patasi butu, umwombe akuonyeshe namna ya kuishika juu ya jiwe. Mzee ambaye hakusemi kitu mwaka mzima atazungumza mpaka giza liingie. Atakuambia mti gani unapasuka na upi unavumilia mvua, nani alimfundisha, na mlango gani alioutengeneza kwao bado anauona akifumba macho. Hayo hayauzwi sokoni Muyinga wala Gitega, na mwenye mizani ya chuma chakavu hawezi kuyapima.

Kama chini ya kitanda cha babu yako kuna randa, usikubali iondoke kwa bei ya kilo. Ichukue, iweke juani, tafuta limao. Sisi tupo karibu na mti mkubwa, jioni baada ya foleni ya maji. Kioo na msasa tunavyo.